Gari Linaloingia Kiganjani

Jumapili moja, hotelini Karavia hapa Lubumbashi, kwenye meza inayotazama ziwa, nilitoa mfukoni kisanduku cha plastiki nikakiweka katikati ya chupa. Ndani yake mlikuwa na Datsun 240Z nyekundu, boneti nyeusi, namba 11 mlangoni, urefu wake haufiki sentimita kumi. Rafiki yangu, mtu wa hesabu za malori, alikigeuza kisanduku mara mbili, akauliza bei. Nilipomtajia alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa pesa hiyo angenunua unga wa bukari wa nyumba nzima na kubaki na chenji ya samaki. Hakukosea. Halafu akauliza swali ambalo lilinishika zaidi: kama nataka kigari chekundu, kwa nini nisichukue kile cha sokoni, chenye rangi ileile, kwa bei ya soda mbili?

Sikuwa na jibu fupi siku ile. Nalijaribu hapa.

Tuanze na kitu chenyewe kilivyo mkononi, maana kwetu Katanga hiki si kitu kigeni kama kinavyoonekana. Vigari vizito vya aina hii watu huviita vya chuma, lakini chuma hakimo. Ni zamaki, mchanganyiko ambao sehemu yake kubwa mno ni zinki, ukaongezwa alumini ya karibu asilimia 4, magnesi chembe tu, na shaba kidogo katika baadhi ya aina zake. Kampuni ya New Jersey Zinc ya Marekani iliutoa mwaka 1929, na jina lake limeungwa kwa herufi za mwanzo za majina ya Kijerumani ya metali hizo nne. Uzuri wake ni kwamba huyeyuka chini ya nyuzi 400 za selsiasi, wakati shaba tupu hudai zaidi ya 1,000. Kwa joto hilo dogo unaweza kuusubu kwa shinikizo ndani ya kalibu ya chuma kigumu mara elfu nyingi kabla kalibu haijachoka, na unaingia hata kwenye mifereji myembamba ya grili na fremu za madirisha.

Sasa, kutoka mezani petu hadi Kipushi ni mwendo wa kilomita 30 hivi. Mgodi wa Kipushi ulianza kazi mwaka 1924, ukasimama 1993, na mwaka 2024 ukatoa zinki tena. Miamba yake inasifiwa duniani kwa wingi wa zinki iliyomo. Zinki haitembei na cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo sitasema kwamba Datsun yangu ni mjukuu wa Kipushi. Lakini mtu wa Lubumbashi anayeshika kigari cha zamaki ameshika zinki, na mara nyingine chembe za shaba, bidhaa mbili ambazo mkoa huu umekuwa ukizipakia kwenye mabehewa na malori tangu enzi za kampuni ya migodi ya Union Minière. Rafiki yangu alipoambiwa hivyo alikiangalia tena kile kisanduku, safari hii kwa jicho la mtu wa mizigo.

Metali hii ina ugonjwa wake. Zamaki hutaka zinki safi kabisa, ya asilimia 99.99. Ikichanganyika na risasi, hata kiasi kidogo sana, kigari huanza kuoza kwa ndani: kwanza mistari kama nywele juu ya rangi, kisha bodi huvimba, magurudumu hupinda, na mwisho kitu chote humomonyoka kama biskuti iliyoloa. Viwanda vya miaka ya 1930 vilirudisha mabaki ya sakafuni kwenye chungu bila kuyachagua, na ndiyo maana vigari vya mbio vya Dinky vya wakati ule ambavyo ni vizima leo ni vichache na ghali. Dawa hakuna. Mnunuzi wa kigari cha 1935 hutazama kwanza chini ya tumbo lake, kama mnunuzi wa ng'ombe anavyotazama meno.

Namba 1:43, kipimo cha Datsun yangu, nayo ina hadithi yake. Haikuchaguliwa na mtu wa magari. Ilitoka kwenye treni za kuchezea za Uingereza, zile za kipimo cha O, ambako futi moja ya treni halisi ilifanywa milimita 7. Futi ni milimita 304.8; ukigawa kwa 7 unapata 43 na nusu. Kampuni ya Meccano ya Liverpool, wenyewe wa chapa ya Dinky tangu 1934, ilitengeneza magari ya kupanga kando ya reli hizo ili stesheni isionekane tupu. Treni hizo zikapungua majumbani, kipimo kikabaki. Leo kuna vigari vya 1:18 vinavyojaza mikono miwili, kuna 1:64 vya mfukoni kama vya Hot Wheels, lakini mtu akisema anakusanya magari ya mbio, mara nyingi rafu yake ni ya 1:43.

Kugawa urefu ni rahisi. Datsun 240Z halisi ina mita 4.14 hivi, gawanya kwa 43, unapata sentimita 9.6. Kazi ipo kwenye unene. Bati la gari halisi halifiki milimita moja. Likigawanywa vilevile linabaki kama milimita 0.02, jembamba kuliko unywele wa kichwani. Hakuna kalibu inayoweza kusubu hivyo. Ukuta wa kigari cha zamaki una kama milimita moja, na milimita moja ukiirudisha kwenye ukubwa wa gari la barabarani ni zaidi ya sentimita 4. Kwa maneno mengine, Datsun yangu ina ngozi ya kifaru cha vita. Uzito nao ni uongo. Gari la kilo 1,000 likipunguzwa mara 43 kwa urefu, upana na kimo, uzito wake unapaswa kugawanywa kwa 79,507: zinabaki gramu 12 na ushei, vijiko vitatu vya sukari. Kigari cha zamaki huzidi hapo mara kadhaa, na mkono hufurahi kudanganywa, maana tumezoea kwamba kitu cha thamani hulemea.

Kwa hiyo fundi wa vigari kamwe hapunguzi gari tu. Anachagua aongope wapi. Anaacha bodi iwe nene lakini anapunguza kingo za madirisha ili jicho lisione unene. Waipa za kioo anazikata kwa bamba lililochongwa kwa asidi, jembamba kama karatasi, kwa sababu waipa nene huharibu kigari kizima hata kama mtazamaji hajui kilichomkera. Rangi anaipuliza nyembamba, kwani tabaka la kawaida la rangi kwenye kipimo hiki ni kama kupiga lipu mlango wa gari. Tofauti ya kile cha sokoni na kile cha kisandukuni inaanzia hapa. Lakini haiishii hapa, na kama ingekuwa ni ufundi tu, mkusanyaji angetosheka na gari lolote lililotengenezwa vizuri.

Mimi nakusanya magari ya Safari. Sababu ya kwanza ni ya nyumbani: katika mashindano makubwa ya magari ya karne iliyopita, hayo ndiyo yaliyopita katika nchi ambako Kiswahili kinasemwa barabarani. Yalianza tarehe 27 Mei 1953, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka ule magari yalipangwa katika madaraja kwa bei yake dukani, jambo ambalo hunichekesha kila nikilikumbuka, kwa sababu ndilo daraja pekee ambalo mtu wa kawaida angelielewa bila kufafanuliwa. Jina lilibadilika baadaye, kutoka Coronation Safari hadi East African Safari, kisha Safari Rally.

Sababu ya pili ndiyo ya uchambuzi wenyewe. Chukua kigari chochote cha mbio, ondoa namba na stika zote, kisha jiulize: je, bado naweza kujua kilikimbia wapi? Gari la Formula One halitakwambia mengi. Lilikuwa karibu lilelile Monza na Silverstone. Gari la Safari litakwambia. Mbele ya bampa kuna vyuma vya kukinga ng'ombe na wanyama wa porini. Taa za ziada zimepangwa kama sufuria dukani, kwa sababu usiku barabara ilikuwa haina mstari wala kingo. Kwenye mabawa ya mbele pana taa ndogo, ili dereva wa lori aliyeko mbele katikati ya vumbi aone kwamba kuna mtu nyuma yake mwenye haraka. Boneti imepakwa nyeusi isiyong'aa, jua la adhuhuri lisirudi machoni. Baadhi ya magari yana vishikio na vikanyagio nyuma: gari likizama kwenye matope meusi ya masika, mwelekezi alitoka, akapanda pale, akaning'inia na kuruka-ruka ili uzito wake uyasaidie magurudumu kushika ardhi. Miaka ya 1990 likaongezeka bomba la kuvutia hewa, limepandishwa hadi usawa wa paa, kwa ajili ya mito.

Hakuna kimoja katika hivyo kilichochorwa na mbunifu wa gari Tokyo, Paris au Turin. Vyote viliamriwa na barabara ya Mombasa, na matope, na mbuzi wa mtu. Ndiyo sababu kigari cha Safari kilichokosa vile vishikio vya nyuma hunikera kuliko kilichokosea rangi.

Tazama Peugeot 404. Mkenya wa umri wangu hahitaji kuelezwa, maana aliipanda akiwa amebanwa na mizigo na kuku kutoka mji hadi mji. Watu waliita usafiri wenyewe "Peugeot". Gari hilohilo lilishinda Safari mwaka 1963, likarudia 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa kati, miaka miwili mfululizo, ulikuwa wa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, na mwelekezi wake Chris Rothwell. Ile ya 1963 na ile ya 1968 aliziendesha Nick Nowicki akiwa na Paddy Cliff, na zote mbili zina hesabu inayofanana kwa ukatili: mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7, mwaka 1968 yakaanza 93, yakamaliza 7. Anayeweka kwenye rafu 404 ya 1968 ameweka gari la abiria lenye taa za ziada, na ukilisogeza karibu na 404 ya kawaida ya kipimo kilekile unaona tofauti ni ndogo mno. Wengi huona hilo ni upungufu wa kigari. Mimi naona ndiyo sifa yake yote.

Hapa nimlete kifaru, na sasa namaanisha mnyama. Mwaka 1965 chapa ya Corgi, ya kampuni ya Mettoy iliyokuwa na kiwanda Swansea huko Wales, ilitoa kigari namba 256 katika orodha yake: Volkswagen 1200 ya East African Safari. Chekundu, namba 18 ubavuni, gurudumu la akiba juu ya paa. Ukilizungusha gurudumu hilo kwa kidole, magurudumu ya mbele yanakata kona. Kuchagua Volkswagen kulikuwa na msingi. Gari hilo la umbo la kobe limeandikwa mshindi mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962. Lakini ndani ya sanduku, mbele ya mchoro wa pori, Corgi waliweka pia kifaru wa plastiki.

Yule kifaru hakushindana na mtu. Aliwekwa kwa sababu mtoto wa Birmingham alipaswa kujua kwamba hii ni Afrika, na matope hayauziki dukani. Kama ningeulizwa wakati ule ningesema bora wangemwaga udongo mwekundu kidogo sandukuni. Sasa sikiliza soko lilivyomgeuza. Watoto walicheza na gari, wakampoteza kifaru. Miaka ikapita, magari mekundu yakabaki mengi, vifaru vikawa adimu. Leo Corgi 256 isiyo na kifaru ina bei moja, na yenye kifaru wake na sanduku lake ina bei nyingine kabisa. Wapo hata wanaotengeneza vifaru vya kuiga ili kuziba pengo. Kile kilichokuwa uongo ndani ya seti ndicho kinacholipiwa kuliko ukweli uliomo. Mkusanyaji hapo halipii mbio. Analipia ukamilifu wa sanduku lililofunguliwa na mtoto mwangalifu mwaka 1965, na hiyo ni historia ya kitu kingine, historia ya utoto wa Uingereza. Sina ugomvi nayo, ila ni vizuri mtu ajue anakusanya ipi.

Miaka michache baadaye Corgi hao hao walitoa Datsun 240Z ya Safari, namba 394 katika orodha, nyekundu, namba 11 mlangoni. Kifaru hakurudi. Namba 11 ilikuwa kweli: ndiyo namba ya Edgar Herrmann na Hans Schüller waliposhinda mwaka 1971. Gari lenyewe Nissan wanalo hadi leo katika mkusanyo wao huko Zama, Japani. Kati ya vigari hivyo viwili, 256 na 394, unaweza kuona biashara nzima ikigeuka, kutoka kuuza mahali hadi kuuza siku fulani na gari fulani. Hasegawa wa Japani waliendeleza hoja hiyo kwa seti yao ya plastiki ya 1:24 ya gari hilohilo, ambayo mnunuzi hujiungia mwenyewe, akaamua mwenyewe kiasi cha matope.

Siku fulani, ndiyo. Hili ndilo jibu nililokuwa nalitafuta pale Karavia. Kigari cha sokoni ni picha ya gari jekundu. Cha kisandukuni ni ushahidi kwamba jambo lilitokea, na thamani yake hupanda kadiri ushahidi unavyobana. Ukisema "Datsun 240Z", hujasema kitu. Ukisema "Datsun 240Z ya Safari", umeanza. Ukisema "ya 1973, ya Shekhar Mehta na Lofty Drews", sasa tuna mazungumzo, kwa sababu mwaka ule Mehta na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun 1800, walimaliza wakiwa sawa kwa pointi, na ikabidi kanuni ya kutenganisha waliolingana ndiyo iamue mshindi. Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda, mmoja wa familia za Kiasia zilizofukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Miezi michache baadaye akashinda Safari akiwa mkazi wa Kenya. Alishinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano kwa jumla.

Ajabu ni kwamba magari ya ushindi wake wa baadaye, zile Datsun 160J na Violet zenye umbo la sanduku la viatu, wachuuzi huziweka rafu ya nyuma. Mbele wanaweka Lancia Stratos. Stratos haikushinda Safari hata mara moja. Sandro Munari aliifikisha nafasi ya pili mwaka 1975, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Mbele wanaweka pia Porsche 911 ya 1978 yenye mistari ya Martini, aliyoiendesha Vic Preston mdogo, nayo ikawa ya pili, safari hii nyuma ya Peugeot 504 ya V6. Mara mbili Peugeot ikashinda barabarani, mara mbili ikashindwa dirishani. Vigari vina siasa yake, na urembo una kura nyingi. Ningekuwa naanza leo ningenunua 160J ya Mehta kabla ya Stratos yoyote, na ningeipata kwa bei nafuu kwa sababu wengine hawafikiri hivyo.

Ya Joginder Singh ni kesi nyingine nzuri. Mzaliwa wa Kericho, mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walianza na namba 1 katika Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, gari la umbo la zamani hata kwa wakati ule, wakashinda. Kigari cha Volvo hiyo kikiwa kipya kabisa, kinang'aa kama kimetoka kiwandani, kinasema uongo mkubwa kuliko unene wa bati. Viwanda vichache sasa hutoa matoleo yaliyopakwa vumbi makusudi. Wapo wakusanyaji wanaoyachukia. Mimi nayapenda, mradi vumbi limekaa mahali pake: nyuma ya magurudumu na kwenye mlango wa nyuma, kamwe si sawasawa mwili mzima kama poda ya mtoto.

Fundi anajuaje vumbi lilikaa wapi? Kwa picha. Hapa biashara ya vigari inaegemea kazi ya watu ambao hawakuifikiria kamwe. Mohamed Amin, mpigapicha aliyekulia Dar es Salaam na baadaye kujulikana dunia nzima kwa picha za njaa ya Ethiopia ya 1984, alianza akiwa kijana wa shule, na mbio za Safari zilikuwa miongoni mwa kazi zake za mwanzo. Picha za namna hiyo ndizo hukuzwa leo na mtu aliyekaa Ulaya au China, akihesabu taa na kupima umbali wa stika kutoka kwenye kitasa. Kwa magari ya miaka ya 1950 tatizo ni rangi, kwa kuwa picha nyingi ni nyeusi na nyeupe. Kwa magari ya miaka ya baadaye tatizo ni saa. Gari lile lile lilianza Nairobi likiwa na taa sita na likarudi na mbili, bampa limefungwa kwa waya. Kigari lazima kichague saa moja ya mbio, na wengi huchagua saa ya kuanza, wakati kila kitu kilikuwa bado kizima.

Nigusie mambo ya pesa haraka, kwa sababu ndiko wengi huumia. Kalibu ya chuma ya kusubu zamaki ni ghali, kwa hiyo hulipa pale tu vinapotengenezwa vigari kwa maelfu, na vya maelfu ni vya magari mashuhuri. Resini humiminwa kwenye kalibu laini ya silikoni inayokufa baada ya kutoa nakala chache, hivyo huwezekana kutoa mia chache za gari ambalo watu wachache wanalitaka. Ndiyo maana kampuni kama Spark, iliyoanza mwaka 2000 na kujenga jina lake kwa resini, inaweza kukuletea gari lililomaliza la tisa. Kigari cha resini ni chepesi na milango yake haifunguki. Mkono hukilalamikia, jicho hukisifu.

Halafu kuna madaraja matatu ambayo wakusanyaji huyataja kwa namba. La kwanza ni kigari kilivyotoka kiwandani. La pili kimebadilishwa na mtu mwingine kwa idhini ya kiwanda. La tatu kimebadilishwa na mtu bila kumwuliza yeyote: amechukua Peugeot 504 ya kawaida, akaongeza taa na stika, ikawa ya Safari. La tatu si wizi, na vipo humo vigari vizuri kupita vya kiwanda. Wizi ni kukiuza kwa bei na jina la daraja la kwanza. Opel Ascona 400 aliyoshinda nayo Ari Vatanen mwaka 1983 inaonyesha mpaka huo ulivyo na ukungu. Gari halisi lilibeba rangi na jina la sigara za Rothmans. Kwa sababu ya sheria za matangazo ya tumbaku, vigari vyake mara nyingi huuzwa vikiwa na mistari ya rangi bila jina, na mnunuzi hutafuta stika kwingine akazibandika mwenyewe. Akifanya hivyo amekisogeza kigari karibu na ukweli wa 1983, na papo hapo amekitoa kwenye hali ya kiwanda. Ipi ni halisi zaidi? Soko hujibu kwa namna mbili kulingana na nani yuko mezani. Mimi hubandika.

Kwa anayeweka rafu yake Lubumbashi, adui si wezi. Ni kiangazi, ile miezi ambapo vumbi jekundu hupita hata kwenye dirisha lililofungwa, likakaa kwenye rangi kama mchanga wa kusugulia. Usilifute kwa kitambaa kikavu, lipulize kwanza. Jua la asubuhi linalopiga rafu hugeuza stika nyeupe kuwa za njano. Na matairi ya kigari, yakikaa miaka juu ya kitako cha plastiki, hutoa mafuta yanayoyeyusha plastiki chini yake. Siku unapokinyanyua kigari, matairi yanabaki. Weka kipande cha karatasi katikati.

Kwenye rafu yangu, mwishoni kushoto, kuna gari ambalo haliko kwenye orodha ya kiwanda chochote. Ni la waya wa shaba uliotolewa kwenye koili ya mota mbovu, magurudumu yamekatwa kwenye kandambili, na kutoka paani limepandishwa fimbo ndefu yenye usukani kichwani, ili mwenyewe aliendeshe akiwa amesimama, akikimbia nyuma yake. Watoto wa mitaa ya hapa, ambao gari huliita motokari, wamekuwa wakiyatengeneza hayo tangu kabla sijazaliwa, kama wenzao wa migodi ya Zambia ng'ambo ya mpaka. Nililinunua kwa mtoto aliyeona nimechanganyikiwa kulipa.

Kwa kipimo cha umbo ni kichekesho. Bodi ni mistari tu hewani, kioo hakuna, mtu hawezi kusema ni Toyota au Mercedes. Lakini zungusha ule usukani. Nguvu inashuka kwenye fimbo, inaingia kwenye kipinda cha waya, kipinda kinavuta ekseli ya mbele, magurudumu yanakata kona sawasawa na upande uliotaka. Datsun yangu ya namba 11, yenye waipa zilizochongwa kwa asidi na taa zote mahali pake, magurudumu yake ya mbele yamegandishwa yakitazama mbele moja kwa moja. Corgi wa kifaru alikuwa anakata kona. Huyu hakati.

Rafiki yangu wa malori alipokuja nyumbani, alizipita Peugeot zote, akaipita Stratos, akauliza kama anaweza kulishusha lile la waya. Alilitoa nje hadi barabarani, akainama kidogo kwa sababu fimbo ilikatwa kwa kimo cha mtoto, akaenda nalo mpaka kwenye kona ya ukuta na kurudi, viatu vyake vya kazini vyekundu kwa vumbi, gurudumu moja la nyuma likiwa limechomoka njiani, na hakuwa ameliona.